Ifakara: Kipimo cha Damu Chabaini Hatari Kabla ya Dalili

Kliniki ya Magonjwa Sugu, Ifakara, iliyoanzishwa mwaka 2004 katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, hufuatilia kwa miaka mingi afya za watu wanaoishi na VVU kutoka Kilombero na Ulanga. Kumbukumbu hizo huwasaidia watafiti kutambua mapema mgonjwa aliye hatarini zaidi.

Mfano ni fangasi aina ya kriptokokasi, wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa wenye kinga dhaifu. Chembe zao huonekana katika damu wiki kadhaa kabla ya dalili. Shirika la Afya Duniani linashauri apimwe mwenye CD4 chini ya 100, na ikiwezekana chini ya 200. Anayekutwa nazo huchunguzwa maji ya uti wa mgongo. Yakiwa salama, hupewa dawa ya flukonazoli ya kinga. Asiye nazo huanza ARV bila kuchelewa.

Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulionesha kuwa kipimo hicho, kikiambatana na wagonjwa kutembelewa nyumbani, kilipunguza vifo kwa asilimia 28.

Wananchi wanahimizwa kupima VVU mapema, kabla kinga haijashuka.