Haki ya Mashuhuri na Haki ya Asiyejulikana



Kila mtu mashuhuri anapofikishwa mahakamani hapa Marekani, mjadala huzuka katika mikusanyiko yetu. Wapo wasemao kwamba nyota hawafungwi, na wapo wasemao kwamba huonewa ili wawe funzo kwa wengine. Tumeona vema mwezi huu kuzipima hoja hizo kwa mifano, kwani jambo lenyewe linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1994, Nicole Brown Simpson na Ronald Goldman waliuawa kwa kisu mjini Los Angeles. Aliyeshitakiwa ni O.J. Simpson, aliyekuwa mume wa Nicole, mchezaji mstaafu wa kandanda ya Kimarekani na mwigizaji wa filamu. Tarehe 3 Oktoba 1995, wananchi kumi na wawili walioteuliwa kuamua kesi hiyo walimwona hana hatia, baada ya kushauriana kwa muda usiotimia saa nne. Watu wengi walisema kuwa jina lake ndilo lililomwokoa.

Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Jina halikumpatia dhamana. Alikaa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja akingoja hukumu. Wala jina halikumkinga Mike Tyson, bingwa wa ndondi aliyejulikana dunia nzima, ambaye mwaka 1992 alipatikana na hatia ya ubakaji katika jimbo la Indiana na kukaa gerezani karibu miaka mitatu.

Kilichomfaa Simpson ni fedha za kuwalipa mawakili hodari. Pamoja na Johnnie Cochran, walikuwapo Barry Scheck na Peter Neufeld, wajuzi wa ushahidi wa vinasaba, ambao utetezi wao ulihoji hatua kwa hatua namna polisi walivyokusanya na kuitunza damu iliyotolewa kuwa ushahidi. Hawakutungiwa sheria mpya. Walishika ile ile iliyowekwa kwa kila mshitakiwa, kwamba wajibu wa kuthibitisha kosa ni wa serikali. Tangu mwaka 1992, mawakili hao wawili walikuwa wameanzisha mradi wa kuwatetea kwa ujuzi huo huo wafungwa waliohukumiwa kimakosa, na wengi wameachiwa huru.

Sasa tumtazame asiyejulikana. Mwaka 2010, mjini New York, kijana wa miaka 16 aitwaye Kalief Browder alikamatwa kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Dhamana ilikuwa dola 3,000, na jamaa zake hawakuwa nazo. Alikataa kukiri kosa ambalo alisema hakulitenda. Alikaa katika gereza la Rikers Island karibu miaka mitatu, muda mrefu akiwa amefungiwa peke yake, bila kesi kusikilizwa. Mwaka 2013 mashitaka yalifutwa. Mwaka 2015 alijiua.

Ukizilinganisha kesi hizo mbili, utaona kwamba dhuluma haiko katika Simpson kutetewa vizuri, bali katika Browder kukosa utetezi kama ule. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Dawa yake si kumnyang'anya mwenye nguvu haki yake, bali kumfikishia mnyonge iliyo yake.

Sisi wahamiaji tumo katika kundi la Browder, tena tuna mzigo wa ziada. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kuwa asilimia 97 ya hukumu za hatia katika mahakama za shirikisho, na 94 katika za majimbo, zilitokana na washitakiwa kukiri wenyewe. Mara nyingi mtu hukiri ili apunguziwe adhabu arudi nyumbani. Kwa asiye raia, kukiri huko kwaweza kumfukuzisha nchini.

Ndivyo ilivyomkabili Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na aliyepigania Marekani katika vita vya Vietnam. Alikiri kosa la kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumwambia asihofu kufukuzwa. Mwaka 2010, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo.

Basi, ndugu zetu, ikiwa wewe au mwanao atakamatwa, asihojiwe bila wakili. Aseme waziwazi kwamba atanyamaza hadi ampate. Katika kesi ya jinai, tangu uamuzi wa mwaka 1963, asiye na uwezo anayekabiliwa na kifungo hupewa wakili na serikali. Katika mahakama ya uhamiaji serikali haina wajibu huo. Kwa hiyo, kabla ya kukiri lolote, hata kosa lionekanalo dogo, mwulize wakili: "Jambo hili litaathiri vipi hati zangu za ukaazi?" Na ikiwa hujaelewa jibu, omba mkalimani kabla ya kutia saini.