Je, Wajua? Umbo la malisho hupandisha gharama ya uzio

Ekari 1 yenye umbo la mraba huzungushiwa uzio wa mita 254 hivi. Ekari hiyohiyo ikiwa ukanda mwembamba wa upana wa mita 20, utahitaji takriban mita 445! Basi pima mzunguko kwanza, ndipo uulize bei dukani.

Ulizia na geji: namba ikipanda, waya huwa mwembamba. Bunda la geji 16 lisilinganishwe bei na la geji 12.

Kwa mbuzi, achana na seng'enge. Huchana ngozi, na ngozi ni mali. Wavu wenye matundu ya sentimita 15 nao una hatari yake: mbuzi mwenye pembe hupenyeza kichwa akifuata majani, akirudi nyuma pembe zinanasa. Matundu ya sentimita 10 ni salama zaidi.