KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KISA CHA KAA NA MGENI WAKE

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuiandikia insha za karani aliyefuja pesa za chama au rafiki aliyemgeuka rafikiye. Leo nataka nikuonyeshe kwamba kule baharini haya si mambo ya insha, ni maisha ya kila siku. Tutamwangalia kaa na mgeni anayeishi chini ya gamba lake.

Mgeni mwenyewe ni nani? Ni kimelea wa kundi la isopoda. Usishtuke na jina, isopoda unawajua. Pindua jiwe au gogo lililolowa, utaona kidudu cha kijivu chenye vipande vya magamba mgongoni na miguu 14. Wengine ukiwagusa hujikunja kama gololi. Huyo ni isopoda wa nchi kavu. Ndugu zake wengi wako baharini, na wengi hujitafutia riziki kwa jasho lao. Lakini wapo wasiotaka jasho. Kufikia mwaka wa 2012, wataalamu walikuwa wamehesabu karibu aina 800 za isopoda wanaoishi kwa kuwanyonya kaa, kamba na jamii zao. Ajabu ni kwamba isopoda, kaa na kamba wote ni krasteshia, yaani ni watu wa mlango mmoja. Kwa hivyo anayemla kaa si mgeni wa mbali, ni jamaa!

Sasa, jamaa huyu huingiaje? Yai linapoanguliwa hutoka lava mdogo mno, mwenye kucha za kushikia. Huogelea mpaka akutane na kopepodi, yule krasteshia mdogo sana anayeelea katika maji ya bahari. Basi, kopepodi ndiye matatu yake. Tena halipi nauli, bali humnyonya dereva! Huko juu hukua na kubadilika umbo, kisha hushuka na kuanza kumtafuta kaa. Akimpata, hupenya hadi kwenye chumba cha matamvua, yaani pale kaa anapopumulia, na kufanya maskani.

Hapa pana jambo ambalo lilinifanya nisome ukurasa mara mbili. Lava huyo bado si jike wala dume. Anayefika wa kwanza kwa kaa huwa jike. Anayekuja baadaye na kumkuta mwenzake ametangulia, humkalia huyo jike na kuwa dume. Mwaka wa 1949 mtaalamu aitwaye Reinhard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mahali anapotua ndipo panapoamua. Kumbe nyumba ndiyo humpa mgeni jinsia!

Tuyatazame maumbile yao. Jike hukua akawa mkubwa, bapa, na mwili wake hupinda upande mmoja kufuata chumba alimo. Macho hupotea, maana gizani ya nini? Papasi hubaki vijiti vifupi. Miguu huwa mifupi yenye kulabu za kung'ang'ania tu, si ya kutembelea. Kinywa chake kina taya kali kama sindano za kutoboa ngozi laini ya ndani ya kaa na kufyonza damu, ambayo ina rangi ya samawati kwa sababu ya madini ya shaba. Sehemu kubwa ya mwili ni kifuko cha mayai kilichofunikwa kwa vibamba, na mayai yenyewe huweza kuwa maelfu. Dume naye ni kijitu kidogo, mwili umenyooka, miguu yake 14 ipo yote, na kazi yake ni kumshikilia mkewe kwenye mkia maisha yake yote.

Kwa umbo hilo bapa la jike, si ajabu watu walichanganyikiwa. Karne ya 18, wavuvi wa pwani ya Ufaransa waliona vimelea hawa wamejibanza kwa kamba wakaamini kwamba kamba huzaa gayogayo, yule samaki bapa! Mwaka wa 1772 mtaalamu Fougeroux de Bondaroy aliandika kuwakosoa.

Kaa mwenye mgeni wa namna hii mara nyingi hutambulikana. Upande mmoja wa gamba lake huvimba kama shavu la mtoto aliyeficha peremende. Uvimbe kama huo umeonekana hata kwenye mabaki ya kaa yaliyogeuka mawe tangu zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Ugomvi huu ni wa kale, bwana.

Lakini wako wengine wajanja zaidi, wanaoitwa entonisidi. Hawa huingia ndani kabisa ya mwili wa kaa, katikati ya viungo vyake. Jike hupoteza karibu umbo lote la isopoda, akaonekana kama funza aliyejaa mayai. Mwili wa kaa humzungushia utando mwembamba, na kwenye utando huo hubaki kitundu cha kutolea watoto. Hapo nje huoni dalili. Mmoja wao, Portunion maenadis, hukaa ndani ya kaa wa kijani wa pwani za Ulaya. Mwingine, Portunion conformis, hukaa ndani ya kaa wadogo wa pwani ya California.

Je, kaa hufa? Hapo ndipo penye siri. Kwa kawaida hafi upesi, kwa maana kaa akifa, mgeni naye kwisha. Kimelea huchukua kile ambacho kaa anaweza kuishi bila ya kuwa nacho, yaani uzazi. Kaa jike aliyenyonywa sana hukosa nguvu za kutengeneza mayai. Hutembea, hula, hupigana, ukimwona utasema mzima. Lakini ukoo wake umekatika.

Usidhani hili ni jambo dogo. Katika pwani ya magharibi ya Marekani kuna kamba wa tope aitwaye Upogebia pugettensis, anayechimba mashimo kwenye matope ya midomo ya mito. Katika miaka ya 1980 alianza kuonekana huko isopoda Orthione griffenis, ambaye kwao ni Asia. Wataalamu wanashuku alisafiri ndani ya maji ambayo meli hubeba tumboni ili isiyumbe, kisha ikayamwaga bandarini. Kamba wale hawakuwa wamemzoea. Matokeo yake, katika baadhi ya midomo ya mito ya Oregon na Washington, kamba waliokuwa wakijaa tele walipungua vibaya, na kwingine wakakaribia kutoweka. Bandari yetu ya Mombasa nayo hupokea meli kutoka Asia na pande zote. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa kuhusu maji hayo ya meli, ulioanza kutumika Septemba 2017, si karatasi ya wakubwa tu. Unatuhusu sisi tunaokula kaa na kamba.

Kabla sijaweka kalamu chini, niongeze kwamba mwizi naye huibiwa. Wako isopoda wadogo waitwao Cabirops, ambao huingia kwenye kifuko cha mayai cha jike yule yule na kumfyonza yeye!

Basi, msomaji, ukikuta kaa sokoni mwenye shavu moja limevimba, usimcheke. Na tukitaka kujua kama bahari yetu ni nzima, tusihesabu kaa wanaotembea peke yao. Tuhesabu wenye mayai.