Moyo Ulioshonwa Utotoni

Katika kila watoto mia moja wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine midomo yao ni ya samawati: njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba, na ukuta wa moyo una tundu.

Zamani wengi wao walikufa wangali wadogo. Mwaka 1944, huko Baltimore, Marekani, tabibu Alfred Blalock, kwa shauri la Bibi Helen Taussig, aliifungulia damu ya mtoto mmoja njia nyingine. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na shahada ya udaktari, akimwelekeza. Maana ndiye aliyeijaribu kazi hiyo kwanza kwa mbwa. Mwaka 1954 matabibu wa Minneapolis waliliziba tundu lenyewe.

Leo wengi waliopasuliwa hivyo ni watu wazima, wenye kazi na jamaa. Kovu likipona, hudhani mambo yamekwisha. Kumbe mara nyingi kilango cha kuelekea mapafuni huvuja. Damu hurudi, chumba cha kuume hutanuka, na baada ya miaka mingi moyo huchoka. Pumzi hukatika, miguu huvimba.

Basi twawashauri: aliyepasuliwa moyo utotoni apimwe na daktari siku zote, hata akijiona mzima, na mwanamke amwulize kabla ya kuchukua mimba. Kilango kibovu chaweza kubadilishwa, moyo ungali na nguvu.

Wazee husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi twaongeza: hata ufa uliozibwa, uangalie.