Mtoi Amefika Fiti, Lakini Nani Anaangalia Mathe? Mambo 6 za Kujua Baada ya Kuzaa Kugumu

Mtoi akizaliwa, keja inajaa wasee. Kila mtu anataka kumbeba, kumpiga picha na kubishana amefanana na nani. Mtoi analetewa pampers. Mathe analetewa maswali: "Kwani ulishindwa kusukuma?"

Wacha tubonge ukweli. Kuna manzi ametoka hosi na mshono wa CS. Mwingine alichanika akashonwa, mwingine alimwaga damu hadi akaongezewa. Na kuna wale walirudi nyumbani mikono mitupu. Kama ni wewe, dame yako, siz yako ama beshte yako, soma hii polepole.

1. CS ni kuzaa
Hiyo story ya "ulipitia njia ya mkato" iachwe stage. Ni upasuaji mkubwa. Ngozi ya juu inaweza kukaa imeshikana mapema, lakini kule ndani inachukua kama wiki 6 ama zaidi. Usibebe kitu kizito kushinda mtoi. Mtungi wa maji, gesi, kufua blanketi, hizo ni kazi za mtu mwingine. Lakini usilale kutwa nzima. Tembea kidogo kidogo ndio damu isigande miguuni. Mshono ukae msafi na mkavu, na dawa ya kuambiwa na jirani usipake.

Kama ulishonwa huko chini, kaa kwa beseni ya maji ya vuguvugu dakika 10 hivi, mara mbili kwa siku. Ukikojoa, jimwagie maji hayo hayo, haitachoma sana. Kunywa maji mob na ukule mboga, juu choo ngumu na mshono haziendani.

2. Jua damu ya kawaida na ya hatari
Damu hutoka kwa wiki kadhaa ikipungua polepole. Ukijaza pedi nzima ndani ya saa moja, ama mabonge makubwa yanatoka, kimbia hosi. Vile vile ukipata homa, uchafu unaonuka, usaha kwa mshono, kupumua kwa shida, mguu mmoja umefura na unauma, ama kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu. Presha inaweza kupanda hata baada ya kuzaa, hata kama haukuwa nayo. Usingoje Monday.

3. Kliniki ni yako pia
WHO inashauri mama aangaliwe ndani ya masaa 24, siku ya 2 ama 3, kati ya siku ya 7 na 14, halafu wiki ya 6. Wamathe wengi wanapeleka mtoi chanjo na kurudi. Ambia nesi, "Na mimi nipime." Uliza pia ni nini haswa ilifanyika siku ile, juu utahitaji hiyo habari mimba ijayo. Wanashauri ungoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba ingine.

4. Kichwa nayo inaumia
Kulia bila sababu siku za kwanza ni kawaida, na huisha ndani ya wiki 2. Ikipita hapo, haulali hata mtoi akilala, hausikii chochote, ama unaona leba ikirudi kila ukifunga macho, bonga na daktari. WHO inasema karibu mama 1 kati ya 5 kwa nchi zinazoendelea hupata shida ya akili baada ya kuzaa, sana sana depresheni. Si mapepo, na si uvivu. Ukisikia kujidhuru ama kudhuru mtoi, enda hosi saa hiyo, na usikae solo.

Kama ulipoteza mtoi, maziwa bado yanaweza kuja. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa baridi, uliza nesi. Na nyinyi marafiki, hiyo "utapata mwingine" mkae nayo.

5. Mkojo ukivuja, sema
Ukivuja kidogo ukicheka ama kukohoa, mazoezi ya kukaza misuli ya chini husaidia. Ukivuja wakati wote baada ya leba ndefu, inaweza kuwa fistula. Inatibika kwa upasuaji, na kumekuwa na kambi za bure hapa Kenya, hata KNH. Usijifiche kwa nyumba miaka.

6. Chali, hii ni yako
Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyeandikwa miezi 3 na baba wiki 2, na mshahara full. Ukizipata, usizimalizie base. Pika. Shosh hakukosea na njahi, na ongeza omena, managu na uji. Amka usiku ubadilishe mtoi. Mambo ya kitanda ingoje apone na aseme yuko ready. Na ukipiga simu kutoka job, kabla uulize kama mtoi amelala, uliza kama yeye amelala.