Kuitembeza familia Bujumbura: pesa iko kwenye teksi na kwenye mukeke

Anayepanga kuwatembeza watoto Bujumbura huanza kuuliza kiingilio. Angeanza na gari. Milango ya kulipia katika mji huu ni michache, na kwa mwenyeji ada zake si za kumtoa mtu jasho. Pesa inakwishia barabarani na mezani. Brussels, ambako Warundi wengi wana ndugu, mgeni hununua tiketi moja ya kupanda tramu, metro na basi, na jumba la makumbusho la Afrika kule Tervuren haliwatozi walio chini ya miaka 18. Huku kwetu kila hatua ina bei yake ya kukubaliana, na bei hiyo hubadilika kadiri foleni ya mafuta inavyorefuka.

Tuanze basi na usafiri. Tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zimezuiwa kuingia katikati ya mji. Familia iliyokuwa ikijigawa kwenye bajaji mbili sasa ina njia mbili tu: basi au teksi. Basi hulipiwa kwa kiti, na mtoto mdogo hupakatwa. Teksi hulipiwa kwa gari, tena huchukua abiria wanne, kwa hiyo wazazi wawili na watoto wanne wakubwa wanahitaji teksi mbili, na hapo hesabu yote inapinduka. Wakati wa uhaba, dereva naye hupata mafuta kwa bei ya kichochoroni, basi usishangae akikutajia bei isiyolingana na kilomita. Mimi ningekwenda kwa basi asubuhi na kurudi kwa teksi jioni, kwa sababu jioni ndipo foleni za vituoni huwachosha watu wazima, sembuse watoto. Lakini teksi hiyo ikubaliwe mapema: chukua namba ya dereva, taja saa, taja bei ya gari zima, na uulize kama atatoza muda wa kusubiri.

Kituo cha karibu ni Musée Vivant, iliyoanzishwa mwaka 1977, karibu na Ziwa Tanganyika. Kuna mamba, kuna nyoka, na kuna rugo, yaani boma la Kirundi lililojengwa upya ili watoto waliozaliwa mjini waone babu zao waliishi vipi. Kwa familia yenye watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili, sioni mahali pengine mjini panapowapa mengi kwa pesa kidogo namna hii. Tahadhari ni moja. Mtunzaji anaweza kukushawishi ulipie simbilisi au sungura wa kumlisha mnyama, naye hutupwa akiwa hai. Hiyo ni pesa nje ya tiketi, na kuna watoto watakaolia njia nzima ya kurudi. Vizimba navyo ni vya kizamani. Mpenda wanyama hatatoka pale akitabasamu.

Wanaotaka wanyama walio huru waende hifadhi ya Rusizi, kwenye delta, kando ya barabara ya Gatumba, mwendo wa kilomita kama 15 kutoka katikati ya mji. Hapa ndipo viboko walipo, na hapa ndipo ilipozaliwa sifa ya Gustave, mamba mkubwa aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye na anayesemekana kula watu wengi. Watoto watauliza habari zake, jiandae. Malipo ya hifadhi hutofautisha raia na mgeni, kwa hiyo aliyekuja likizo kutoka Ulaya asisahau karangamuntu yake, yaani kitambulisho, nyumbani. Mtumbwi ni malipo ya pembeni, na kabla hujapanda uliza kama mnalipia kila kichwa au safari nzima. Ikiwa ni safari nzima, tafuta familia nyingine mgawane. Ukilinganisha na Musée Vivant, Rusizi ni ghali zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni gari. Ila kiboko akiinua kichwa majini hatua chache kutoka kwenye mtumbwi, hakuna anayeuliza tena bei. Maji ya ziwa yalipopanda katika miaka ya karibuni yaliigharikisha Gatumba, basi msimu wa mvua piga simu kwanza kujua hali ya njia.

Uzuri wa upande huu ni kwamba ufukwe wa Saga uko njiani. Ufukweni kwa kawaida hulipi kuingia, unalipa kwa kula na kunywa, na hapo ndipo bajeti za wengi huzama. Mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa hili, ndiye mfalme wa meza, na bei yake hufuata mwezi. Wavuvi wa Tanganyika huvua usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi hupumzika, mukeke huadimika na bei hupanda. Kwa hiyo atakayeangalia kalenda ya mwezi kabla ya kupanga siku ataokoa zaidi kuliko atakayebishana na mhudumu. Agiza mara tu mnapofika, maana jiko halina haraka, na kila dakika ya kungoja ni Fanta nyingine kwa watoto na Primus nyingine kwa wakubwa. Brosheti za mbuzi na ndizi za kuchoma hushibisha kwa bei ya chini. Nafuu zaidi ni kula kwanza Buyenzi, mtaa wa Waswahili, chapati na maharage au pilau, kisha ufukweni mkanywa soda tu. Kuogelea uliza wenyeji kwanza, na jua likikaribia kuzama ondokeni: viboko hupanda nchi kavu kula majani.

Upande wa mlimani, Vugizo, liko kaburi la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa Julai 1962. Mji wote na ziwa vinaonekana kutoka huko. Kinachogharimu ni kupanda na gari. Kushuka mnaweza kutembea. Msiende tarehe 13 Oktoba yenyewe, siku hiyo ni ya viongozi na mashada ya maua. Mugere, kusini, kuna jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala hapo, walikokutana ni Ujiji. Kwa watoto ni jiwe tu, na kulipia teksi ya kwenda na kurudi kwa ajili yake peke yake ni kutupa faranga. Gitega, pamoja na makumbusho yake ya mwaka 1955 na ngoma za Gishora, ni siku nyingine na mfuko mwingine.

Mambo mawili kuhusu kalenda na noti. Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za maendeleo, shughuli nyingi husimama hadi saa nne hivi, kwa hiyo mnalipia siku nzima mkipata nusu. Jumapili fukwe hujaa. Ukiweza, chagua siku ya kazi wakati wa likizo ya shule. Na hoteli ikikutajia bei ya bwawa la kuogelea kwa dola, uliza unalipa faranga ngapi hasa, kwa kiwango kipi, kwa sababu bei ya benki na ya mtaani zimeachana mno.

Mwenye watoto wadogo na mfuko mwepesi: Musée Vivant asubuhi, chakula Buyenzi, soda Saga. Mwenye watoto wakubwa na rafiki wa kugawana naye mtumbwi: Rusizi mapema, kisha mukeke, ilimradi mwezi haujapevuka.