Kuchagua Glovu za Kazi kwa Wachimbaji na Wachenjuaji wa Dhahabu

Katika Shelui, wilayani Iramba, dhahabu imekuwa riziki ya watu kwa muda mrefu. Mgodi wa Sekenke, ulio jirani, ulifunguliwa katika enzi ya utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hadi leo wachimbaji wadogo wanategemea mikono yao: duarani, kwenye makarasha na mialoni. Mkono ukijeruhiwa, mapato ya kaya nzima hutetereka. Kwa sababu hiyo tunamshauri kila mnunuzi aichague glovu kwa uangalifu uleule anaouweka katika kuchagua nyundo au pampu.

Muuzaji anaweza kukuhakikishia kwamba jozi aliyoishika inafaa kwa kazi zote. Glovu ya namna hiyo haipo. Kabla ya kuuliza bei, jiulize kwanza: mkono wangu unakabiliwa na hatari gani?

Kuponda na kubeba mawe

Kwa kazi ya tindo, nyundo na kubeba mawe, glovu za ngozi nene zinafaa zaidi, kwani hustahimili msuguano na ncha kali. Kagua mishono, hasa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, mahali panapochanika mapema. Ngozi halisi hukunjika bila kupasuka. Ngozi ya bandia iliyobandikwa juu ya kitambaa huanza kubanduka ukiikunja mara kadhaa.

Baadhi ya glovu huwa na picha ya nyundo na alama EN 388, ikifuatwa na tarakimu nne. Kwa mpangilio, tarakimu hizo huonyesha ustahimilivu dhidi ya msuguano, kukatwa, kuraruka na kuchomwa. Tarakimu kubwa humaanisha kinga kubwa zaidi. Herufi X humaanisha kwamba kipimo hicho hakikufanyika.

Kushika zebaki

Ngozi na kitambaa havifai hata kidogo kwa zebaki, kwa kuwa matone hujificha katika nyuzi na mishono, na mvaaji huondoka nayo hadi nyumbani. Glovu za kitambaa zilizochovywa mpira kiganjani tu zina kasoro hiyohiyo, kwa sababu mgongo wake uko wazi. Nunua glovu za mpira wa nitraili zilizo nene na ndefu, zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Zile nyembamba za kutumia mara moja huchanwa upesi na mchanga.

Aina ya mpira si jambo dogo. Mwaka 1996 mwanakemia wa Marekani, Karen Wetterhahn, alidondokewa na matone machache ya kemikali ya maabara iliyotengenezwa kwa zebaki, akiwa amevaa glovu za mpira wa kawaida. Kemikali hiyo ilipenya glovu, naye akafariki mwaka 1997. Kemikali ile ni kali mno kuliko zebaki ya kuchenjulia, lakini funzo lake ni kwamba glovu isiyopenyeza maji yaweza kupenyeza sumu.

Mahali ambapo glovu haitoshi

Hatari kubwa ya zebaki huingia kwa pumzi. Mchenjuaji anapochoma dhahabu iliyoshikana na zebaki juu ya moto wa wazi, mvuke usioonekana huingia mapafuni mwake na mwa walio karibu. Mvuke huo hudhuru ubongo, neva na figo, na huweza kumwathiri mtoto aliye tumboni. Hakuna glovu inayouzuia. Tumia retoti, yaani chombo kilichofungwa kinachounasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jikoni na watoto. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo na, inapowezekana, kuyakomesha.

Vilevile, usivae glovu karibu na mkanda wa karasha au winchi inayozunguka. Mashine ikiinasa glovu, huuvuta mkono pamoja nayo.

Kipimo na ukaguzi

Zungusha tepu ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini ya maungio ya vidole, bila kuhusisha dole gumba. Sentimita 20 ni takribani namba 8. Sentimita 23, namba 9. Sentimita 25, namba 10. Glovu kubwa mno huteleza. Inayobana huchosha mkono na kupasuka mapema.

Kagua glovu za mpira kwa kuziba mdomo wake ukiwa umenasa hewa ndani, kisha kuibana majini. Viputo vikionekana, usiinunue. Na kama ni yako ya zamani, usiivae tena. Baada ya kazi, ioshe ingali mkononi, kisha ivue kwa kuigeuza ndani nje bila kugusa upande wa nje kwa mkono mtupu. Ihifadhi kazini, na kamwe usiitumie kuoshea vyombo.

Haki yako

Dai risiti, na uhifadhi kifungashio chenye jina la mtengenezaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora au matumizi ya bidhaa. Ukiuziwa glovu kinyume na maelezo uliyopewa, irudishe dukani ukiwa na risiti. Usiposikilizwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama umeajiriwa, fahamu pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kukupatia vifaa vya kujikinga.

Kwa anayeponda mawe asubuhi na kuchenjua jioni, jozi mbili si anasa: moja ni ya mawe, nyingine ni ya zebaki, na kila moja ibaki katika kazi yake.